Bei ya mafuta hutangazwa tarehe 14, lakini chupa ya jikoni kwako haina mkaguzi

KILA tarehe 14 ya mwezi, jioni, kundi la WhatsApp la familia yetu hupokea picha ile ile: jedwali la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, lenye majina ya miji na safu tatu za tarakimu. Kaka yangu mkubwa, mwendeshaji boda boda, hutazama petroli. Mjomba aliye na lori la mchanga hutazama dizeli. Mama hutazama safu ya tatu, ile ambayo watangazaji wa redio huitaja mwisho wakiwa wanaharakisha kuingia habari za michezo.

Safu ya tatu ni mafuta ya taa.

Mama hapikii stovu tena. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza tulimnunulia mtungi wa gesi wa kilo sita. Lakini bado safu hiyo huitazama, na nadhani sababu ninaijua. Sababu yenyewe ni kitinda mimba wetu, ambaye sasa ni kijana wa miaka 22 na hucheka tukimkumbusha.

Alikuwa na miaka miwili, mimi minane. Tuliishi chumba kimoja Eastlands, Nairobi, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kwenda dukani na chupa ya soda ya machungwa kununua mafuta ya taa ya shilingi kumi. Siku hiyo nilirudi, nikaiweka chupa chini ya meza karibu na stovu, kifuniko kikiwa kimelegea kama kawaida, nikatoka kwenda kucheza kati. Mdogo wangu akaingia kutoka juani akiwa na kiu. Chupa aliijua. Aliiona Krismasi.

Jirani ndiye aliyepiga kelele. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akikohoa, shati limelowa, nyumba nzima inanuka. “Mpe maziwa! Mtie kidole atapike!” Mama alifanya yote mawili: maziwa ya mkopo kutoka dukani, kisha kidole kooni. Mtoto akatapika, tukamshukuru Mungu, tukampangusa. Usiku akaanza kupumua mbio mbio, tundu za pua zikipanuka na mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta hewa.

Kwenye kituo cha afya tulichokimbilia, tuliketi kwenye benchi hadi karibu alfajiri kwa sababu ya kitabu ambacho hatukuwa nacho. Muuguzi aliyetupokea hatimaye aliuliza swali moja kabla ya mengine yote.

“Mama, mlimtapisha?”

“Ndiyo, daktari. Yalitoka karibu yote.”

Alinyamaza kidogo. “Mafuta yakiwa tumboni si shida kubwa sana, mama. Shida ni yakiingia kifuani. Mlipomtapisha mliyapitisha kooni mara ya pili.”

Alilazwa siku tano akiwekewa oksijeni. Alipona. Mama hasemi mengi kuhusu usiku huo, lakini hadi leo hakuna soda ya machungwa inayoingia nyumbani kwake.

Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa sasa, na ilinichukua muda kutambua jambo lililokuwa wazi wakati huo wote. Kwa nini mafuta yalikuwa kwenye chupa ya soda? Kwa sababu tulinunua ya shilingi kumi. Anayenunua lita tano huenda kituoni na jerikeni yenye kifuniko cha kukaza. Anayenunua ya shilingi kumi, au siku hizi ya hamsini, huenda na chupa yoyote iliyo karibu. Bei huamua kipimo, na kipimo huamua chombo. Ndiyo maana nimeleta jedwali la EPRA kwenye ukurasa huu wa familia badala ya kuliacha kule kwa watu wa biashara.

Hesabu inayoishia kwenye pampu

Tuanze na serikali inachodhibiti. Soko la mafuta nchini Kenya lilifunguliwa Oktoba 1994, na kwa miaka 16 iliyofuata kila kampuni ilijiwekea bei. Desemba 2010 udhibiti ulirejea. Tangu hapo, mamlaka husika, ambayo hadi 2019 iliitwa ERC, hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, na bei hiyo huanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata.

Angalia maneno hayo “bei ya juu kabisa”. Wazazi wengi ninaoongea nao hudhani ni bei moja iliyokazwa kwa misumari. Sivyo. Ni dari. Kituo kinaweza kuuza chini yake, na vipo vinavyofanya hivyo kwa senti au shilingi moja mbili ili kuvuta wateja. Kisichoruhusiwa ni kuvuka.

Dari hiyo hujengwa kwa vitu vinne. Kwanza ni gharama ya mafuta yaliyoshushwa Mombasa, ambayo hulipiwa kwa dola, kwa hivyo shilingi ikidhoofika bei hupanda hata kama soko la dunia limetulia. Pili ni usafirishaji kutoka bandarini, hasa kwa bomba. Tatu ni faida iliyowekewa kiwango, ya kampuni na ya mwenye kituo. Nne ni ushuru na tozo, na hapa orodha ni ndefu. Mombasa, meli inakoshushia, bei huwa chini kidogo kuliko Nairobi, nayo Mandera huwa miongoni mwa miji ya juu kabisa. Tangu Aprili 2023 mafuta huletwa kupitia mkataba baina ya serikali ya Kenya na kampuni za serikali za Saudi Arabia na Milki za Kiarabu, kwa mkopo wa siku 180. Na kwa kuwa hesabu hufuata shehena zilizokwisha kuwasili, ukisikia kwenye habari kwamba mafuta yameshuka duniani leo, usitarajie jedwali la kesho lishuke.

Sasa turudi kwenye safu ya mama. Agosti 2022, lita ya mafuta ya taa Nairobi ilikuwa Sh127.94. Mwezi uliofuata, serikali mpya ilipoanza kuondoa ruzuku, ikawa Sh147.94. Septemba 2023 ikafika Sh202.61. Pengine unaukumbuka mwezi huo, kwa kuwa ndipo petroli ilipovuka Sh200 kwa mara ya kwanza na kila gazeti, hili likiwemo, likaandika kuhusu petroli. Lakini petroli ilipanda Sh16.96. Dizeli ilipanda Sh21.32. Mafuta ya taa yalipanda Sh33.13 kwa mwezi mmoja. Mruko mkubwa kuliko yote uliangukia jiko la asiye na gari, nao ulitajwa katika aya ya sita.

Baadaye bei zilishuka. Kufikia Oktoba 2024 lita ilikuwa Sh151.39 Nairobi. Nilitaka kujua kama unafuu huo umefika mitaani, kwa hivyo nikaenda kwenye mtaa mmoja wa mabanda nilikozoea kufanyia kazi, nikanunua mafuta kama wanavyonunua wenyeji. Mwenye duka alinijazia chupa ya maji ya nusu lita kwa kutumia faneli iliyokatwa kutoka chupa nyingine. Akataka Sh100. Piga hesabu: ni Sh200 kwa lita, yaani Sh48.61 juu ya dari ya serikali.

Nilimwuliza kwa upole. Hakukasirika. Alinihesabia nauli ya boda boda kutoka kituoni, yanayomwagika, wanaokopa na kuhama usiku, na askari wa kaunti. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: “Dadangu, kule kituoni hawampimii mtu mafuta ya ishirini. Mimi nampimia.”

Ndivyo ilivyo. Hesabu ya EPRA huishia kwenye pampu. Jedwali halisemi lolote kuhusu faneli.

Sh18 za kuwazuia walaghai

Kuna sehemu moja ya bei ya mafuta ya taa ambayo kila mzazi anayeyatumia anastahili kuielewa, kwa sababu anailipa kila anapowasha stovu. Ni tozo ya Sh18 kwa kila lita, iliyoanzishwa na Sheria ya Fedha ya 2018.

Kabla ya hapo mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa makusudi, kwani yalikuwa nishati ya maskini. Walaghai wakaona mwanya. Mafuta ya taa na dizeli hukaribiana kiasi kwamba lori huweza kuendeshwa kwa mchanganyiko wa yote mawili, angalau hadi injini ianze kulalamika. Anayenunua bidhaa ya bei ya chini na kuiuza kwa bei ya juu hahitaji kufundishwa biashara. Ulaghai huo ulinyima serikali mapato, ukaharibu magari, na ukawapa faida haramu wenye vituo wasio waaminifu. Serikali ilikuwa na njia ya kuwasaka: kemikali maalumu hutiwa kwenye mafuta ili wakaguzi wakiikuta mahali isipostahili wajue kuna mchanganyiko. Lakini kusaka ni kazi ngumu, na njia nyepesi ilikuwa kuifuta tofauti ya bei.

Kiasi chenyewe hakikuokotwa tu. Wakati huo petroli na dizeli zililipa Sh18 kwa lita kama tozo ya matengenezo ya barabara. Mafuta ya taa hayaendi barabarani, ila yakapewa tozo yake ya Sh18, kwa jina la kuzuia uchanganyaji. Mama aliyekuwa akichemsha uji akawekwa bei moja na lori.

Jirani zetu Tanzania walikuwa wamepita njia hiyo miaka saba mapema. Huko bei hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa mara kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Wao ndio waliotupa neno “kuchakachua”, ambalo lilitoka kwenye matangi ya mafuta likaingia hadi kwenye masanduku ya kura.

Je, dawa ilifanya kazi? Kwa upande wa malori, ndiyo. Faida ya kuchanganya ilipungua sana, na mauzo ya mafuta ya taa nchini yakaporomoka. Sehemu ya mporomoko huo ni walaghai walioacha. Sehemu nyingine ni familia.

Na hapa lazima niwe mkweli kama mwandishi wa afya: sitaki mafuta ya taa nyumbani kwa mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2014 lilishauri yasitumike majumbani. Moshi wake hauonekani kama wa kuni lakini hubeba chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. WHO hukadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, kutokana na nishati kama kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa hivyo mtu akiniambia bei imewafukuza watu kutoka kwa stovu, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni wameenda wapi.

Wengine walienda kwenye gesi. Wengine walirudi kwenye makaa, na hata makaa yenyewe mwaka huo wa 2018 yalikuwa yamepanda kwa sababu Februari serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Milango miwili ikafungwa mwaka mmoja. Katika nyumba za mabati nimekuta jiko la makaa limeingizwa ndani jioni ya mvua, mlango umefungwa, nguo imezibwa kwenye ufa wa dirisha, mtoto amelala kitandani. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa hayo haina harufu. Hewa hiyo huanza kwa kuumiza kichwa na kutia kichefuchefu, kisha usingizi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Nishati ikipanda bei, cha kwanza kuachwa ni kuchemsha maji ya kunywa, kwa kuwa maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa hayana tofauti machoni. Cha pili ni maharagwe na githeri, kwani huchukua saa nyingi motoni. Mama mmoja aliniambia watoto wake wamekuwa “watu wa mkate na chai”. Siku hizi nikiona mtoto mwenye kuhara kwa mara ya tatu, huuliza maji ya nyumbani huchemshwa kwa nini, na mara nyingi jibu ni kicheko.

Ngazi iliyoondolewa

Gesi ingekuwa jibu, na serikali ililijua hilo. Mwaka wa 2016 iliiondolea gesi ya kupikia ushuru wa VAT. Kukawa na mradi wa mitungi ya bei nafuu kwa familia za kipato cha chini, ambao ulikwama baada ya mitungi mingi kupatikana na kasoro. Kisha Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena.

Soma miaka hiyo kwa mpangilio. Mwaka wa 2018 familia iliambiwa kwa lugha ya bei: acheni mafuta ya taa. Mwaka wa 2021, wale waliotii wakakuta gesi nayo imepanda. Sidhani kuna afisa aliyekaa ofisini akapanga kuwaumiza watu. Nadhani mafuta ya taa yalikuwa kwenye faili moja na gesi kwenye faili jingine, na jiko halikuwa na faili.

Tena ujue jambo hili, maana huwashangaza wengi: bei ya gesi haimo katika jedwali la tarehe 14. EPRA hutoa leseni na kusimamia usalama wa gesi, lakini haiwekei dari bei ya kujaza mtungi. Muuzaji wa mtaani akikutoza zaidi ya mwenzake wa barabara ya pili, hajavunja sheria ya bei. Dawa yako ni kuuliza maduka mawili matatu.

Usimamizi wa usalama hata hivyo ni jambo la kufa na kupona. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika eneo la kujazia gesi Embakasi, Nairobi, uliteketeza nyumba za watu. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kibali kwa eneo hilo yalikuwa yamekataliwa, lakini kazi iliendelea katikati ya makazi. Mtungi unaojazwa kwenye uwanja kama huo huwa nafuu kidogo. Ukinunua, angalia kama kizibo kina lakiri ya kampuni, uupime kwa mizani, na usikubali mtungi wenye kutu au uliobonyea.

Petroli ndani ya mafuta ya taa

Nirudi kwenye faneli, kwa sababu kuna hatari moja ambayo hainipi usingizi. Mafuta ya taa safi yanahitaji kupata joto la takriban nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uweze kushika moto. Mvuke wa petroli hushika hata kwenye baridi kali. Jerikeni iliyobeba petroli ya boda boda asubuhi ikibeba mafuta ya taa jioni bila kusafishwa, mabaki kidogo tu yanaweza kuifanya stovu ilipuke badala ya kuwaka. Hali ni mbaya zaidi pale mtu anapouza mafuta yaliyofyonzwa kwenye magari. Bei yake huwa nzuri mno. Hiyo ndiyo dalili yake ya kwanza.

Tunajua bei inaweza kuwasukuma watu wapi. Septemba 12, 2011, mtaani Sinai, Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwa bomba, watu wakakimbia na ndoo na makopo kuchota, na zaidi ya watu 100 wakafariki moto ulipolipuka. Walikuwemo watoto.

Kwa hivyo, kwa mzazi ambaye bado anatumia mafuta ya taa, na sitakulaumu, haya ndiyo ninayokuomba.

Nunua kwenye pampu ya kituo kila unapoweza, hata kama ni kwa kuchangisha na majirani wawili mkanunue lita tatu kwa safari moja. Mnalipa bei ya jedwali, na mnapata mafuta yanayopimwa na wakaguzi. Picha ya jedwali ihifadhi kwenye simu. Kituo kikikutoza zaidi ya bei ya mji wako, una haki ya kulalamika kwa EPRA, na risiti ndiyo ushahidi.

Mafuta yakinuka petroli, au stovu ikiruka moto na kutoa mlio usio wa kawaida, usiyatumie. Najua ni pesa. Usiyatumie. Na kamwe usiongeze mafuta kwenye stovu inayowaka au iliyo moto bado. Izime, ipoe, ndipo ujaze, mtoto akiwa nje.

Chombo kiwe jerikeni ambayo haijawahi kubeba kinywaji wala mafuta ya kupikia, yenye kifuniko cha kukaza, iliyotiwa alama ambayo hata mgeni ataielewa. Iweke juu, mahali pa kufungwa. Chini ya meza ni dukani kwa mtoto wa miaka miwili.

Mtoto akinywa, fanya kidogo na ukimbie sana. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia wala maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa sabuni na maji, umpeleke hospitalini hata kama anacheka. Shida ya mapafu inaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa, na madaktari huhitaji kumtazama kwa angalau saa sita hivi. Kikohozi, kupumua kwa kasi, mbavu kubonyea au usingizi usio wa kawaida ni dalili za dharura. Beba chupa yenyewe waione.

Akiungua, mwagie maji safi ya bomba, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, unga, yai wala siagi, ambavyo nimeviona vyote kwenye vidonda vya watoto. Ondoa nguo isiyogandamana na ngozi, funika kwa kitambaa safi, na uende hospitalini.

Kama umehamia makaa, jiko liwashwe nje na lipikiwe nje, au palipo na mlango na dirisha wazi. Lisilale ndani na watu, hata kama ni jivu linalofuka tu. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Maji ya kunywa ya mtoto yakikushinda kuchemsha, tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Ni nafuu kuliko nishati. Maharagwe na mahindi yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uchemshe kwa maji mapya. Muda wa moto hupungua sana.

Tarehe 14 iliyopita, picha ilipoingia kwenye kundi, mama alinipigia kama kawaida. Aliuliza kama ile ya tatu imepanda. Nikamwambia. Akaniarifu kuhusu mpangaji mpya wa chumba cha chini, msichana mwenye mtoto anayeanza kutembea, ambaye amemwona akipanda ngazi na chupa ya soda iliyojaa mafuta.

Mama ana tabia ambayo hakuwahi kunieleza ilianza lini. Hununua jerikeni ndogo mpya sokoni, anazipaka rangi nyekundu shingoni, na kuziweka chini ya kitanda. Akiona chupa ya namna hiyo kwa jirani, hubisha mlango akiwa na jerikeni mkononi, bila maelezo mengi.

“Zimebaki mbili,” akaniambia. “Ukija mwisho wa mwezi, mwanangu, mkate acha. Niletee jerikeni.”